Mnada wa Vifaa vya Kale Mikindani: Vya Kununua, vya Kuacha, na Namna ya Kuvipima

Mtwara ukitaja mnada, watu wanafikiri korosho. Mnada tunaoutathmini hapa ni mwingine. Unafanyika ndani ya jengo la zamani la mawe Mikindani, kilomita kama 10 kutoka Mtwara mjini, na kinachonadiwa ni mizani za shaba, hadubini, barometa, dira, theodolaiti (chombo cha mpima ardhi cha kupimia pembe), saa za ukutani, masanduku ya njumu na vinyago. Maoni yetu tunayatoa mapema: vitu vingi ni vya kweli na bei za kuanzia ni za haki, lakini katalogi si ya kuaminika, na ung'arishaji wa shaba unaofanywa kabla ya mnada unaharibu vitu ambavyo hakuna atakayevitengeneza tena. Ukienda siku ya kunadi peke yake utabahatisha. Ukienda siku ya ukaguzi na sumaku, tochi, kipande cha gazeti na subira ya saa sita, utanunua kwa akili.

Utaratibu wenyewe hauna shida. Siku ya kwanza ni ya ukaguzi, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Ya pili ni ya kunadi. Unajiandikisha kwa kitambulisho, unaweka amana ya sh. 100,000 inayorudishwa usiponunua, unapewa kibao chenye namba. Juu ya bei ya nyundo kuna kamisheni ya asilimia 10 kwa mnunuzi, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, inatoka papo hapo. Dalali ana sauti, hakimbizi watu, na kabla ya kugonga nyundo anaita mara tatu kweli. Kinachoudhi ni kabati la vioo zinamofungiwa hadubini na dira: ufunguo uko kwa mtu mmoja, na mtu huyo anakwenda kula. Fika mapema, omba kabati lifunguliwe kabla ya saa nne.

Saa nne ina sababu yake, na sababu hiyo ni barometa, chombo cha kupimia uzito wa hewa.

Barometa zinazoletwa hapa zaidi ni zile za kopo, zisizo na zebaki, aina iliyobuniwa na Mfaransa Lucien Vidie mwaka 1844. Ndani kuna kikopo chembamba cha bati chenye mikunjo, kilichotolewa hewa. Hewa ya nje ikizidi uzito kikopo kinabonyea, ikipungua kinavimba, na vijiti na mnyororo mwembamba kama uzi vinapeleka mwendo huo kwenye mshale. Kikopo kikipasuka hata tundu la sindano, hewa inaingia na mshale unakufa. Utaukuta umesimama vizuri kabisa kwenye neno la hali nzuri ya hewa, na muuzaji atakuambia inafanya kazi kwa kuwa leo kuna jua.

Ukanda wetu wa tropiki umetupa kipimo ambacho mnunuzi wa London hana. Huku kanieneo ya hewa (ndio huo uzito wake) hupanda na kushuka kila siku kwa ratiba: hufika juu karibu saa nne asubuhi na tena saa nne usiku, hushuka chini karibu saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Tofauti ya asubuhi na jioni ni kama hektopaskali 3 (kipimo cha kanieneo), yaani inchi 0.09 za zebaki kwenye sura (uso wa namba) ya Kiingereza au milimita 2 na kidogo kwenye sura ya Kijerumani. Basi saa nne gonga kioo kwa ncha ya kidole, polepole, ili vijiti viache kukwama. Piga picha ya mshale kwa simu, ukisimama mbele yake sawasawa, si kwa pembeni. Zunguka, kagua vingine. Saa kumi rudi, gonga tena, piga picha ya pili. Sura nyingi za Kiingereza zina mstari kila inchi 0.02, hivyo mshale unapaswa kuwa umerudi nyuma mistari minne hivi. Usipohama hata mmoja, unanunua pambo la ukutani; lilipie bei ya pambo.

Asiyeweza kukaa mpaka jioni atumie mfuko wa zipu mkubwa wa kuonea ndani. Weka barometa humo pamoja na hewa, funga, bonyeza mfuko kwa viganja viwili: mshale uende mbele, na ukiachia urudi. Ukienda kwa kurukaruka, tatizo ni vumbi na grisi iliyoganda kwenye egemeo. Fundi saa mzuri anasafisha. Ukienda bila kurudi, chemchemi imechoka au mnyororo umetoka kwenye gurudumu lake.

Kuhusu maneno yaliyoandikwa kwenye sura, ya mvua, mabadiliko na hali nzuri, yasikusumbue. Yaliandikwa kwa hali ya hewa ya Ulaya, ambako mshale unatembea inchi nzima kati ya dhoruba na jua. Mtwara masika yote yanaweza kupita mshale ukitikisika padogo tu. Utakaposhuka ghafla nje ya ratiba yake ya kila siku, hapo ndipo pa kuangalia bahari; pwani hii haijasahau kimbunga Kenneth cha Aprili 2019. Na mnunuzi wa Newala ajue kwamba juu ya tambarare ya Makonde, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, mshale utasoma chini kwa zaidi ya hektopaskali 60. Nyuma ya kasha kuna tundu lenye skrubu ya kurekebisha. Izungushe robo kwa robo, ukigonga kioo kila mara. Ikigoma, acha, kwa sababu ukiilazimisha unavuta kikopo chenyewe.

Sasa lile la shaba, ambalo ndilo lawama letu kubwa. Vifaa vya kisayansi vya shaba njano havikutoka kiwandani vikiwa vitupu. Vilipakwa laka (aina ya vanishi) nyembamba yenye rangi ya dhahabu, na laka hiyo ndiyo iliyolinda mistari na namba zisiliwe na chumvi ya bahari. Kabla ya mnada wauzaji, kwa nia njema, wanavisugua kwa Brasso, au kwa ndimu na majivu, au ukwaju, kama mtu anavyosugua sinia la arusi. Laka inatoka, namba zinapungua kina, kingo zinaviringika, na jina la mtengenezaji linabaki kivuli. Dalili yake ni unga mweupe uliokauka ndani ya herufi na kwenye vichwa vya skrubu. Katika meza ya shaba tuliyoikagua, zaidi ya nusu ya vitu vilikuwa na unga huo. Vile vilivyoachwa na rangi yao ya kahawia, vyenye laka iliyobabuka hapa na pale, viliwekwa mwisho wa meza kama vile vinaaibisha, na ndivyo vyenye thamani. Waandaaji wakibadili jambo moja tu, libadilike hili: wawaambie wauzaji walete vitu na vumbi lao. Kitambaa kikavu na brashi laini vinatosha. Na anayenunua asipake mafuta ya nazi nyumbani. Yanachacha na kuota kijani kwenye mikunjo.

Hadubini ndizo bora za mnada huu. Mikoa hii imekuwa na hospitali za misheni kwa zaidi ya miaka 100, na malaria haikuwahi kuwaacha wapimaji wapumzike, kwa hiyo hadubini za Kijerumani, za Leitz za Wetzlar na Zeiss za Jena zilizofanya kazi kweli zinapatikana. Kuchakaa kwake ni kwa kazi: rangi nyeusi imelika pale kidole gumba kilipokaa kila siku, jukwaa lina mikwaruzo ya vioo. Hiyo si kasoro.

Kasoro utazitafuta hivi. Fungua kila lenzi ya chini kutoka kwenye kichwa chake. Uzi wa skrubu yake ni wa kipimo kilichokubaliwa tangu 1858, upana wa inchi 0.8, hivyo lenzi za watengenezaji tofauti huingiliana; ndiyo maana wauzaji hukamilisha seti kwa kuokoteza. Soma maandishi ubavuni. Leitz za zamani zilitengenezwa kwa mrija wa milimita 170, wengi wengine 160. Lenzi ya 160 kwenye mrija wa 170 itaonyesha picha, lakini kwenye lenzi ya ukuzaji mkubwa isiyotumia tone la mafuta ukali unapungua, na mtu atadhani macho yake ndiyo mabovu. Geuza lenzi juu chini, itazame kupitia upande wa nyuma ukiimulika kwa tochi kutoka mbele. Nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni ukungu, ugonjwa wa pwani. Ukiwa mwembamba unasafishika, ukishakula kioo haurudi. Duara lenye rangi za upinde wa mvua pembeni maana yake gundi kati ya vioo viwili imeachia, na hakuna fundi Mtwara wa kuibandika. Lenzi ya mafuta mara nyingi imefunikwa na ganda la njano, mafuta ya mierezi yaliyokauka miaka. Hilo linatoka kwa karatasi ya lenzi iliyoguswa benzini, mara nyingi, kidogo kidogo. Usitumie spiriti, kwa kuwa inaweza kuingia kwenye gundi ya zamani na kula laka.

Kisha vishikio vya kushusha na kupandisha. Grisi ya zamani hugeuka ulimbo. Kishikio kikubwa kikiwa kizito, ni kazi ya kusafisha tu. Kidogo kikikataa, usikilazimishe hata kwa nguvu ya vidole viwili, maana ndani yake kuna meno madogo yanayovunjika, na hayauzwi popote. Mrija ukishuka wenyewe, shika vishikio vikubwa vya kulia na kushoto, uvizungushe kinyume kwa kinyume. Kwenye nyingi za Kijerumani hivyo ndivyo unavyokaza.

Katalogi iliita mojawapo ya Zeiss "hadubini ya Mjerumani wa enzi za Boma". Boma la Mikindani, ngome ya utawala wa Kijerumani, lilijengwa 1895. Kwenye mguu wa hadubini hiyo kuna herufi VEB kabla ya jina, na herufi hizo zilikuwa za viwanda vya umma vya Ujerumani Mashariki, baada ya Vita vya Pili. Ni hadubini nzuri, pengine inafaa kwa kazi kuliko za enzi za Boma, ila si ya miaka hiyo na bei yake ya kuanzia haikupaswa kuwa ya miaka hiyo.

Makosa ya tarehe yanaanzia hapo na kuendelea. Theodolaiti moja yenye jina Cooke, Troughton & Simms iliandikwa kuwa ya wapimaji wa Kijerumani; kampuni ya jina hilo ilizaliwa 1922, zilipoungana mbili, wakati Mjerumani alishaondoka. Inawezekana zaidi ililetwa na Waingereza, na kama ilishiriki mradi wa karanga wa Nachingwea au reli yake ya 1947 na kuendelea, hilo lingekuwa jambo la kupendeza, lakini linahitaji karatasi, stempu au namba ya idara. Vivyo hivyo loti ya nyundo na dira iliyohusishwa na uchimbaji wa mifupa ya dinosaria Tendaguru, Lindi, wa 1909 hadi 1913. Jina la Tendaguru ni kubwa, mjusi wake amesimama Berlin. Bila orodha ya msafara au maandishi kwenye sanduku, lipia nyundo kama nyundo.

Theodolaiti yenyewe tuliipenda. Pimamaji lake la mrija lina kiputo kizima (mengi huwa yamekauka), duara la namba halijasuguliwa, na sanduku ni lake, kwa sababu kila gogo la ndani linashika sehemu yake bila kucheza. Kabla ya kutaja bei lenga kitu cha mbali, soma pembe ya mlalo, pindua darubini na uzungushe, lenga tena. Namba mbili zitofautiane kwa nyuzi 180. Zikikosea 180 hiyo kwa dakika chache (dakika 60 ni sawa na nyuzi moja), mhimili unarekebishika. Zikiikosea kwa nyuzi nzima, iliangushwa.

Meza ya sekstanti (chombo cha baharia cha kupimia pembe ya jua na nyota) na dira za mfukoni, iache. Tunasema hivyo bila kumung'unya. Karibu zote ni za mapambo, zimetengenezwa India miaka ya karibuni kwa ajili ya watalii. Sekstanti mbili ziliandikwa "Kelvin & Hughes, London 1917"; Kelvin na Hughes hazikuungana mpaka miaka ya 1940. Dira ya "Stanley London 1885" ina shairi la Kimarekani kifunikoni, shairi lililochapishwa mara ya kwanza 1915. Na skrubu zake ni za msalaba, zilizoingia sokoni miaka ya 1930. Kwa sekstanti isiyo na jina la kukusaidia, tumia verniya, ile mistari midogo inayoteleza kando ya tao la nyuzi: weka sufuri yake sawa na mstari wowote wa tao, kisha angalia mstari wa mwisho wa verniya. Nao lazima ukutane sawasawa na mstari wa tao, na iwe hivyo mwanzoni, katikati na mwishoni mwa tao. Za bandia zinashindwa hapo hapo, kwa kuwa mistari yake imegandamizwa kwa muhuri, haikukatwa kwa mashine ya kugawanya.

Katikati ya takataka hizo kulikuwa na dira moja ya mpimaji, nyeusi, haina sura, ambayo wengi waliipita. Itazame kwa karibu. Sindano ya dira haivutwi mlalo tu, inavutwa pia kuelekea ardhini. Uingereza ncha ya kaskazini ndiyo inayoinama, kwa hiyo mtengenezaji hufunga waya mdogo wa shaba mkono wa kusini ili sindano ikae sawa. Mtwara, nyuzi 10 kusini mwa ikweta, inayoinama ni ncha ya kusini. Dira ya Ulaya ikifika hapa bila kuguswa, ncha hiyo inaburuza na sindano inasoma uongo. Katika dira hii waya umehamishiwa mkono wa kaskazini, na kwenye mkono wa kusini imebaki alama nyeusi ya mahali ulipokuwa. Mtu aliifungua, akaisogeza, akafanya nayo kazi upande huu wa dunia. Hakuna hati ya muuzaji inayoshinda alama hiyo. Iliuzwa sh. 90,000, chini ya sekstanti ya bandia.

Dira za kijeshi za Vita vya Kwanza nazo hujitokeza. Mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917 yalikuwa Lindi humu humu. Zenye rangi ya kung'aa gizani, iliyogeuka kahawia, chukulia zina radiamu, madini yenye mionzi hatari. Usifungue kioo, usikwangue, usimpe mtoto achezee. Kuacha kung'aa hakumaanishi radiamu imekwisha. Kilichochoka ni unga wa kung'aa tu.

Mizani zinaenda haraka. Za duka la dawa, zenye sahani mbili na droo, hesabu mawe yake: mfululizo wa kawaida ni 1, 2, 2, 5 na kurudia kwa makumi, na yanayopotea siku zote ni madogo, vile vibati vyenye kona iliyokunjwa juu ili kibanio kishike. Weka vitu viwili vinavyolingana, kisha vibadilishane sahani. Mkono ukiinama baada ya kubadilishana, pande zake hazina urefu sawa. Ni za kuonyesha na kufundishia tu. Kwa biashara unahitaji mizani yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo.

Vinyago vya Kimakonde vilikuwa vingi, vizuri vichache. Kinyago cha mpingo kizamishe kwenye ndoo: mpingo unazama. Kikielea, sugua chini kwa pamba yenye spiriti, kiwi ya viatu itatoka. Vya mtindo wa shetani, uliotokana na mchongaji Samaki Likankoa miaka ya 1950, vinanakiliwa mno, na jina la mchongaji lililokwaruzwa kwa msumari halithibitishi kitu.

Kuhusu sheria, mnada ulikuwa kimya na haukupaswa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, pamoja na milango na miimo ya nakshi ya kabla ya 1940, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Kulikuwa na mwimo mmoja wa mlango uliosimama ukutani bila neno lolote. Pia barometa moja ndefu ilikuwa na kibao cha namba cha pembe ya ndovu. Kabla ya kunyoosha kibao cha namba yako kwa vitu vya namna hiyo, taka karatasi.

Barometa hiyo hiyo ndefu ni ya zebaki, na wapagazi walikuwa wakiibeba wima kama mwiko, zebaki ikigonga kileleni mwa kioo. Mapigo machache ya namna hiyo yanapasua mrija. Inainamishwa taratibu mpaka zebaki ijaze mrija wote, utasikia tiki kavu. Kisha tundu la chini linazibwa na inasafiri imelala kwa mteremko, kichwa kikiwa chini kuliko mkia. Ndege haiipokei. Kwa basi la Dar es Salaam lipia kiti cha pembeni, uifunge kwenye blanketi na ukae nayo. Usiiache iingie kwenye buti na magunia ya korosho.